Sakado Iliyonienea Mimi Peke Yangu

Mimi ni mwanamke mkubwa. Nalisema mapema ili mtu asihangaike kulizunguka. Mabega makubwa, kifua kikubwa, na kiuno ambacho mume wangu alikuwa akikisifu mbele za wageni mpaka natamani kumrushia mwiko. Ndani ya harusi wenye viti walikuwa wananiangalia kwa wasiwasi, nami nakaa tu, nacheka, nakula. Sikuwahi kuulilia mwili wangu. Nilianza kuulilia mwaka ule nilipotafuta sakado, yaani saki, begi la kubebea mgongoni, na hata hivyo sikulia muda mrefu.

Ilikuwa ile miaka ambayo Lubumbashi ilikuwa inabomoka na sisi tuko ndani. Mume wangu alikuwa fundi wa umeme kwenye kampuni ya madini. Mshahara ulianza kuchelewa, halafu ukapungua, halafu ukanyamaza kabisa. Basoda, yaani askari, wa zamani walikuwa wanakimbia, wapya walikuwa wanaingia, na katikati yao kulikuwa na wengine ambao hakuna aliyejua ni wa nani. Majirani walikuwa wanapakia vitanda kwenye kamyo, yaani malori, na kurudi vijijini. Asubuhi unaamka, unasalimia dirishani, hakuna anayejibu.

Sisi tulibaki kwa sababu ya Kasumbalesa. Nilikuwa napanda kamyo mpaka mpakani, navuka kwa miguu, nanunua sabuni, mafuta na sukari upande wa Zambia, narudi navyo kichwani, nauzia mabibi wa Golf, mtaa wa matajiri, ambao bado walikuwa na kitu cha kununulia. Kichwa changu ndicho kilikuwa kinalisha watoto. Safari moja, wakati nashuka kwenye kamyo, mguu uliteleza nikaanguka na mzigo wote. Shingo ililia kaa! Muuguzi aliishika, akaigeuza huku na huku, akasema nisibebe tena kitu chochote kichwani, hata sahani.

Mume wangu aliposikia hivyo, akaanza hadithi ya Lukafu. Lukafu ndiko kijijini kwao.

"Mama, twende tu Lukafu. Kule kuko udongo, kuko mihogo, kuko bandugu."

"Miye ku Lukafu nitafanya nini? Jembe hata sijui banaishika upande gani!"

"Utajifunza."

"Utajifunza weye kulala peke yako!"

Alicheka, lakini kesho yake nilimkuta anaulizia kamba ya kufungia godoro. Hapo nikaogopa kweli. Nilizaliwa Lubumbashi, mama yangu alizaliwa Lubumbashi, watoto wangu walikuwa wanasoma hapo. Nyumba ukiiacha wakati ule, jioni yake mtu mwingine anapika ndani. Kwenda Lukafu kulikuwa ni kwenda bila kurudi.

Basi nikawaza: kama kichwa kimekataa, mgongo upo. Kwetu mgongo wa mwanamke ni wa mtoto, mzigo ni wa kichwa, hilo linajulikana. Mwanamke akibeba saki mgongoni, watu wanauliza anaenda shule gani. Nikasema wacha waulize.

Nilianza kutafuta sokoni. Mungu wangu, nilichokiona! Sakado za wanafunzi ziliishia chini ya makwapa na kukwama hapo. Moja nilivaa mkono wa kwanza, wa pili ukakataa kuingia, nikabaki nimeinama, mkono mmoja hewani, na watu wamesimama kuangalia. Nyingine mikanda yake ilikuwa myembamba, ikanikata mabegani kabla hata ya kutia kitu ndani. Nyingine ilikuwa na kamba ya kifuani, ikapita pale ambapo mwanamke aliyenyonyesha hataki kamba ipite. Muuzaji mmoja aliyekonda kama ufagio akanishauri:

"Mama, punguza kwanza mwili, njo urudi."

"Weye! Minakuya kutafuta saki, sikuya kukuuliza habari ya mwili yangu!"

Soko zima lilicheka, na mimi nikacheka, lakini nilirudi nyumbani mikono mitupu. Kamba ya godoro ilikuwa tayari imening'inia mlangoni.

Sakado niliipata kwa mfanyabiashara mmoja wa Kivu ya Kaskazini, mtu wa dini, aliyekuwa na depo, ghala la marobota ya nguo zilizokwisha kuvaliwa. Alikuwa anasalimia kila mtu "Bwana asifiwe" kabla ya kutaja bei. Nilikuwa nimeenda kuuliza mambo mengine kabisa. Robota lilikuwa limepasuka, na ndani, katikati ya makoti ya baridi, niliona mkanda mpana wa kijani umetokeza. Nikauvuta. Ukaja. Nikavuta tena, ikatoka sakado ya kiaskari ya nchi nisiyoijua, imejaa mifuko na vitanzi kila upande, kitambaa kigumu, mikanda ya mabegani minene, laini ndani kama mto wa mtoto mchanga.

Niliingiza mkono wa kulia. Ukapita! Niliingiza wa kushoto. Ukapita pia! Mikanda ilikuwa imeachana vizuri shingoni, haikunibana, haikunikaba. Kamba ya kifuani ilikuwa inapanda na kushuka, nikaipandisha juu kabisa, chini kidogo ya koo, na kifua changu kikabaki na amani yake. Nilipiga kelele mle ndani ya depo.

"Bwana asifiwe!" akasema yule mfanyabiashara.

"Amina, amina!" nikamwambia, na nilikuwa nasema kweli.

Halafu nikashika mkanda wa kiunoni. Haukufika. Niliingiza tumbo, nikakata pumzi, mfanyabiashara akageuka kuangalia ukuta kwa heshima. Vifungo viwili vilibaki vinatazamana kutoka mbali. Na vile vichuma vya kurefushia mikanda, karibu vyote vilikuwa vimevunjika. Nilipakia matofali mawili ndani ili kujaribu bila mkanda, uzito wote ukaangukia mabega na shingo ikaanza kulia. Hapo ndipo machozi yaliponitoka. Kitu kilikuwa karibu kunienea!

Niliichukua hivyo hivyo, nikaificha ndani ya kikwembe, kitenge changu, maana wakati ule kitu cha rangi ya kiaskari ukikutwa nacho barabarani ni maneno. Mume wangu aliigeuza, akaipima kwa macho, akanipima na mimi. Kisha akaenda chumbani, akarudi na mukaba, mkanda wake wa kazi. Ule wa ngozi, mpana, wa kupandia nguzo za umeme. Alikuwa anaupaka mafuta kila Jumapili tangu kazi isimame, ili siku wakimwita aukute laini.

"Papa, hapana. Hiyo ni ya kazi yako."

"Hii ilikuwa inanizunguka miye pamoja na nguzo," akasema. "Weye peke yako itakutosha."

Nilimpiga begani. Nikampiga tena. Yeye akaendelea kuangalia ule mukaba, akasema bila kucheka:

"Kama hii saki inakubeba mpaka Kasumbalesa na inakurudisha, tunabakia. Kama hapana, tunaenda Lukafu, na usinisumbue tena."

Fundi cherehani wa mtaani kwetu alinisimamisha kibarazani pake nimeivaa, akanizunguka na pini mdomoni. Kwa kuwa vile vichuma vilikuwa vimekufa, alishona kila mkanda moja kwa moja kwa kipimo changu, na mukaba wa mume wangu akaushonea kiunoni kwa uzi wa kushonea viatu. Akaniambia nikishakonda hakuna cha kurekebisha. Nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Tulitia matofali. Nilifunga mukaba chini ya tumbo, juu ya mifupa ya nyonga, pale pale ambapo mtoto mgongoni hukalia. Ayayaya! Uzito ulihama! Mabega yalikuwa huru, shingo imenyamaza, matofali yamekaa kwenye kiuno changu kama yamezaliwa hapo. Kiuno kile kile! Nilitembea mpaka mwisho wa mtaa na kurudi, nikakimbia kidogo, nikacheza. Jirani mmoja akaniita Mama Komanda. Nikampigia saluti.

Safari ya kwenda Kasumbalesa ilikuwa nyepesi kwa kuwa saki ilikuwa tupu. Upande wa Zambia niliijaza sabuni chini, sukari katikati, madumu ya mafuta pembeni, mpaka zipu ikalalamika. Nikavuka mpaka kwa miguu kati ya makamyo yaliyopanga foleni, mikono yangu miwili mitupu, nikiitikisa tikisa makusudi ili wanawake wenzangu wenye mizigo kichwani waone. Waliona. Mmoja aliacha kubadilisha pesa ili aniulize niliipata wapi.

Kabla ya kupanda kamyo ya kurudi, nilifanya nilichokuwa nimepanga. Nilichukua kikwembe, nikakifunga juu ya saki, nikakaza kifuani, sawa na mama yeyote aliyebeba mtoto. Rangi ya kijani ikapotea kabisa. Watu wakanipisha nafasi nzuri ya kukaa, mama mmoja akaniambia mtoto wangu ni mtulivu sana, nikamshukuru.

Katikati ya njia kulikuwa na barieri, kizuizi cha barabarani. Basoda walitushusha wote, tukapanga mstari. Wengine walikuwa wamevaa buti, wengine kandambili. Aliyenifikia mimi alikuwa kijana mrefu, mwembamba, vitu vyake amevifungia ndani ya gunia la mahindi lenye kamba.

"Mama, iko nini ku mugongo?"

"Mutoto."

"Iko na myezi ngapi?"

"Sita."

"Myezi sita na mwili hivi?"

"Niangalie vizuri," nikamwambia. "Ulitaka nizale sungura?"

Mstari mzima ulicheka, hata yeye. Alikuwa ameshanipita hatua moja, akasimama. Akarudi. Akaangalia ubavu wangu wa kulia, akaangalia wa kushoto, akakuna kichwa.

"Sasa, mama. Mutoto yako, miguu iko wapi?"

Miguu! Ee Mungu wangu, miguu! Mimi niliyebeba watoto wangu wote mgongoni, na wadogo zangu kabla yao, nilisahau kwamba mtoto wa mgongoni hutokeza miguu huku na huku ya mama yake. Hakuna aliyecheka tena. Akafungua kikwembe mwenyewe, na ile kijani ikatoka juani.

Nilijua limekwisha. Sikuwaza hata kupigwa. Niliwaza ile kamba ya godoro.

"Hii ni kitu ya basoda," akasema. "Toa."

Nilifungua mukaba. Akainyakua na mzigo wake wote, akaitupa mgongoni kwa majivuno. Mikanda ikamteleza mabega yote mawili ikamshukia viwikoni. Akaipandisha, ikashuka tena. Akatafuta kichuma cha kufupisha, akakuta uzi wa fundi wangu. Akashika mukaba wa kiunoni akaufunga, ukamwacha pale akiwa kama kijiti ndani ya pete. Kwa kweli alihitaji nguzo! Akapiga hatua kwenda kwa wenzake, sukari na mafuta vikamvuta nyuma, akakaa chini mavumbini, puu!

Basoda wenzake walicheka mpaka mmoja akaweka bunduki chini ashike mbavu zake. Mkubwa wao, aliyekuwa amekaa kwenye kiti chini ya turubai, alifuta machozi kwa mgongo wa mkono.

"Ule mutoto iko wa mama yake!" akapaza sauti. "Murudishie!"

Kijana akanirudishia, uso umeinama. Niliivaa mbele yao wote. Mkono wa kulia, mkono wa kushoto, kamba ya kifuani, mukaba. Ilikaa. Nilisimama wima na mkubwa wao akapiga makofi. Wale wauzaji wa sokoni wangekuwepo! Ningetamani yule ufagio aone.

Nilishuka mjini jua bado liko juu, nikaenda nyumbani kwa miguu, natembea haraka kama msichana. Nilipoingia uani nilisimama. Godoro lilikuwa limekunjwa na kufungwa. Masufuria yalikuwa ndani ya gunia. Mume wangu alikuwa amekaa juu ya gunia hilo, mikono magotini, maana habari ya barieri ilikuwa imefika kabla yangu, kwamba basoda wamemshika mama mnene mwenye saki ya kiaskari.

Alinyanyuka. Aliniangalia uso, halafu kiuno. Akapitisha kidole juu ya mukaba wake, taratibu, kutoka upande mmoja mpaka mwingine, akikagua mishono kama alivyokuwa akikagua kabla ya kupanda nguzo.

"Banajaribu kukunyang'anya?"

"Banaijaribu," nikasema. "Inabakataa."

Hakuuliza zaidi. Aliinama akafungua gunia, akatoa sufuria kubwa, akaniuliza kama nimeleta mafuta. Jioni ile tulikula tumekaa juu ya godoro lililokunjwa, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na haraka ya kulifungua. Ile kamba ya godoro aliitundika uani kesho yake, na mpaka leo ndiyo ninayoanikia nguo.