Maputo ya Mwalimu wa Kemia

Dada yangu hakuzaliwa jana. Mwanamume wa miaka hamsini na ushee, watoto wameshaanza maisha yao, halafu kila wiki unakuta maputo mapya mfukoni mwake?

"Kuna mtoto mahali," aliniambia, akikung'uta suruali ya shemeji kabla ya kuifua. "Na penye mtoto pana mama yake."

Sitakataa, mambo ya ndoa za watu nayapenda. Nikamuuliza kama amemhoji mwenyewe. Kumbe alishamhoji. Mara ya kwanza shemeji, mwalimu wa kemia, alijibu bila wasiwasi kwamba ni vifaa vya kufundishia. Siku chache baadaye akaapa hajanunua puto tangu watoto wakiwa wadogo. Njia ya mwongo ni fupi, nikasema, na dada akaanza kupanga nguo zake kwenye sanduku.

Hata hivyo hakutaka kuvunja ndoa kwa dhana tu. Tukaenda shuleni, tukajibanza nje ya dirisha la maabara, nyuma ya tangi la maji. Shemeji alikuwa mbele ya darasa, ameshika maputo manne yaliyofungwa fundo moja.

"Nimeyapanga mimi?" aliuliza. "Hapana. Yanasukumana yenyewe, kila moja linataka nafasi. Ndivyo zilivyo jozi za elektroni. Haya, maji: oksijeni ina jozi nne, lakini haidrojeni ni mbili tu. Molekuli itanyooka?"

"Itapinda, mwalimu," darasa likajibu. "Jozi mbili zilizobaki zinazisukuma haidrojeni."

Shemeji alicheka kwa furaha. Dada akashusha pumzi, aibu imemjaa. "Twende zetu kabla hajatuona," akaninong'oneza.

Lakini mimi nikishika jambo sibanduki. Kengele ilipolia nikamvuta kando kiranja wa darasa, msichana mrefu mwenye miwani, nikamsifu: mada ngumu hivyo, wameielewa mara moja?

Akatazama chini. "Mama, haya maumbo ya molekuli tuliyamaliza muhula uliopita."

Nikamfinya dada. Nilijua tu kuna kitu.

"Sasa haya maputo ya nini?" dada akauliza.

"Kila wiki anaianza mada hii upya. Anasema leo tuna mada mpya." Msichana alisita. "Mwenzetu mmoja aliwahi kumkumbusha, mwalimu akatoka nje akalia. Basi tukakubaliana tuwe tunajibu kama hatujawahi kuisikia. Tafadhali, mama, msimwambie mwalimu mkuu."

Dada alikaa kwenye ngazi ya maabara. Shemeji akatoka, maputo kifuani, akatuona na kufurahi kweli.

"Mmekuja wakati mzuri," akasema. "Kesho naanza maumbo ya molekuli."

Dada akainuka, akampangusa vumbi la chaki begani. Njiani tulimwacha shemeji atangulie. Dada alimtazama mgongoni kwa muda mrefu, kisha akaniambia kwa sauti ndogo, "Afadhali angekuwa na mwanamke."