Kifurushi cha Mshona Mapazia

Mshona mapazia huyu, mwaka wa tatu ughaibuni, huchagua kifurushi cha simu kama anavyochagua kitambaa: hushika karatasi ya bei, huisogeza dirishani, kisha hupitisha kidole gumba juu ya yale maandishi madogo ya chini. Jumamosi moja muuza laini akachoka kumsubiri.

“Dada, unampigia nani hasa?”

“Mama, nyumbani.”

“Mnaongea sana?”

“Anaongea yeye, mimi naitikia tu. Hamna kifurushi cha kuitikia?”

Muuzaji akacheka, akamuuzia cha dakika sitini, cha bei nafuu kuliko vyote. Mshonaji akapiga palepale mlangoni. Mama yake akamwonya asichezee pesa kwa simu za mbali, akamweleza na sababu, mpaka dakika zote zikaisha. Akarudi ndani kununua kingine.