Foleni Moja ya Gona Nzai

CHANGAMWE, Septemba 1963

King'ora cha karakana ya malori kinalia, na Gona Nzai ameshafungua dirisha la stoo. Nje, wanaume wamejipanga mstari mmoja: Wafula, kijana wa bara, yuko mbele, nyuma yake fundi Karsan, kisha Bwana Pettifer, injinia Mzungu, mikono mfukoni. Kila mmoja anangoja vifaa vyake.

Mwaka jana ungemsimulia mtu habari hii angekucheka. Stoo ilikuwa na madirisha mawili. La mbele, lenye kivuli, lilikuwa la Wazungu na Wahindi. La nyuma, kando ya mtaro, lilikuwa la Waafrika, na halikufunguliwa mpaka wa mbele wamalize.

"Unafika wa kwanza, unahudumiwa wa mwisho," asema Gona, mtunza stoo mwenye maneno mengi na kicheko cha karibu. "Kisha unaulizwa, wee boi, mbona kazi imechelewa?"

Chama cha wafanyakazi kilipodai foleni moja, meneja alikubali kwa majaribio ya miezi mitatu. Ugomvi ukizuka, alionya, madirisha mawili yatarudi. Gona akapewa kazi ya kuwafundisha wenzake utaratibu mpya, na hakuna aliyemwonea wivu.

Somo lake ni la vitendo. Jumamosi, kazi ikiisha, huwabadilisha watu nafasi. Pettifer alipelekwa dirisha la nyuma, akaachwa juani huku wengine wakipiga soga kivulini.

"Nilikasirika sana," Pettifer akiri kwa Kiswahili chake cha kuungaunga. "Halafu nikaona haya."

"Hata mimi," adakia Karsan. "Miaka yote nimesimama kivulini, sikuuliza hata siku moja wale wa nyuma wanangoja wapi."

Leo ndiyo siku ya mwisho ya majaribio, na nusura Gona mwenyewe ayaharibu. Anamwona Mzee Boga, mwenye mvi, anayepaka malori grisi, mwisho kabisa wa mstari. Pwani mtu mzima hasimamishwi, na maneno yanamtoka Gona kabla hajafikiri.

"Shikamoo, mzee. Pita mbele, baba, uchukue vyako."

Pettifer anatoa mikono mfukoni.

"Gona, kwani foleni imekwisha?"

Meneja yuko mlangoni mwa ofisi yake, anasikia kila neno. Jasho linamtoka Gona.

"Marahaba, mwanangu," ajibu Boga, wala hasogei. "Miaka yote niliwekwa nyuma kwa rangi yangu. Leo usinipeleke mbele kwa mvi zangu. Niache zamu inifikie, nami nionje ilivyo."

Wafula anaangua kicheko, Karsan anafuata, mwishowe hata Pettifer. Gona anashusha pumzi na kumpa Wafula spana zake. Zamu ya Boga inapofika, mzee anapokea bomba lake la grisi taratibu, bila haraka yoyote.

Kabla ya saa sita meneja anapita stoo na kutoa neno moja tu: dirisha la nyuma lizibwe. Gona ana furaha isiyofichika. Vyoo bado vimegawanywa kwa rangi, na anasema somo lake la Jumamosi litahamia huko.

Lakini kwanza dirisha. Matofali yameshafika.

"La kwanza ataliweka Mzee Boga," asema. "Hapo atatangulia, apende asipende."