Salamu Ambazo Mteja Wangu Hakuzitoa

Nusu ya jiji hili inampenda mteja wangu kupita kiasi, na nusu nyingine haitaki hata kumsikia. Ukiwa wakili wa mwanasiasa wa namna hiyo, watu hawakuulizi kesi inaendeleaje, wanakuuliza nani amekuroga. Mwenye nyumba tulikopanga ofisi, Mikocheni, aliniomba kwa adabu niondoe kibao mlangoni. Wateja wangu wa mirathi na viwanja walianza kuchelewa kupokea simu zangu. Na yeye mwenyewe, nikimwambia asizungumze na waandishi kabla sijafika, ananijibu, "Sawa dada," kisha namkuta kwenye ngazi za mahakama amezungukwa na vinasa sauti, anatabasamu kama bwana harusi. Mara ngapi nimetamani kumziba mdomo kwa kiganja changu. Lakini nampenda, na ni bora niliseme hilo mapema.

Mama yangu alikuwa upande wa pili kabisa. Alikuwa mwalimu mstaafu, alihamia kwangu Goba kutoka mkoani, na kadi ya chama chake aliitunza ndani ya Biblia. Siku mteja wangu alipokuja nyumbani kusaini hati ya kiapo, alimwamkia shikamoo, mama akaitikia marahaba, akampakulia ndizi za nyama, halafu akamwambia hoja zake zote ni za hovyo. Walibishana mpaka chai ikapoa. Alipoondoka, mama alisema kijana yule ni mbishi ila anakula vizuri.

Mwaka jana mteja wangu alishtakiwa kwa uchochezi, kwa maneno aliyoyasema jukwaani Temeke. Siku ya dhamana, wakili wa serikali aliomba sharti kwamba mshtakiwa asihutubie mkusanyiko wowote wa watu hadi kesi iishe. Nilipaswa kusimama na kudai yaandikwe maneno "mkutano wa kisiasa". Lakini ilikuwa Ijumaa mchana, hakimu anatazama saa, na mimi nilitaka mtu wangu asilale mahabusu hadi Jumatatu. Nikasema hatuna pingamizi. Kosa hilo ni langu, na sijawahi kumsingizia mtu mwingine.

Wiki tatu baadaye mama akafariki. Presha ilimwangusha asubuhi, akiwa jikoni.

Misiba yetu mnaijua. Ibada ikiisha, kabla ya kwenda makaburini, kipaza sauti kinazunguka: jumuiya, kwaya, majirani, walimu wenzake, kila kundi linatoa salamu za rambirambi. Mwanasiasa akionekana chini ya turubai lazima aitwe, awe wa chama chochote. Kutomwita ni kumvunjia heshima yeye, na yeye akikataa anamvunjia heshima marehemu. Mteja wangu nilikuwa nimemwona kwenye viti vya nyuma. Nilikuwa nimemwona pia yule bwana wa shati la drafti ambaye hakosi hata siku moja kwenye kesi yetu, na ambaye hajawahi kutuambia anatoka ofisi gani. Alikuwa ameinua simu, anarekodi.

Aliyekuwa akiongoza ratiba ni mwenyekiti wa mtaa, mtu wa chama cha mama. Alimwita mteja wangu kwa heshima zote, na ninaamini hakuwa na nia mbaya. Mimi nilikuwa mbele, karibu na jeneza, shangazi kanishika mkono. Mfiwa hainuki katikati ya salamu kwenda kubishana juu ya masharti ya dhamana. Basi nikaanza kutunga hoja kichwani, kwamba rambirambi si hotuba, kwamba waombolezaji si mkusanyiko unaokusudiwa na amri ya mahakama. Huku nikijua fika kwamba dakika mbili za kwanza atamsifu mama, ya tatu ataigusa serikali, na Jumatatu wataomba dhamana ifutwe. Nilimchukia, mbele ya jeneza la mama yangu.

Akaja mbele taratibu. Mwenyekiti alimnyooshea kipaza sauti, yeye hakukipokea. Aliinama mbele ya jeneza kwa muda mrefu, akamshika mjomba mkono kwa mikono yake miwili, akarudi kwenye kiti. Turubai zima likanong'ona. Akina mama wa jumuiya waliguna, na shangazi akaniambia sikioni kwamba mteja wangu ana dharau. Alisikia minong'ono ile yote, akainamisha kichwa asiwajibu.

Siku tatu baada ya maziko alikuja tena nyumbani. Nilimshukuru, nikamwomba radhi kwa lile sharti nililoliachia lipite. Alitazama kibarazani, hapakuwa na mtu mwingine.

"Dada, sie hapa tupo wawili tu. Nao huu ni mkusanyiko?"

Nikamwambia kisheria si mkusanyiko.

"Basi naomba nitoe salamu zangu."

Akasimama, akafunga kifungo cha koti, na akazungumza karibu saa nzima. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, sikumkatiza. Ndipo nikajua kwamba mama alikuwa akimpigia simu kila Jumapili akitoka kanisani, wagombane. Alimuulizia mke wake na watoto, alimsahihisha Kiswahili chake cha jukwaani, na mimi niliyeishi naye nyumba moja sikujua lolote. Simu moja tu haikuwa ya Jumapili, aliipiga Ijumaa ile mteja wangu alipotoka mahabusu.

"Aliniambia hivi: 'Baba, wewe sema unavyotaka, huko kote binti yangu atakufuata. Ila anaogopa, na hatakwambia. Siku moja nyamaza, apumzike.'"

Sikuwa nimemwambia mtu yeyote kwamba naogopa, hata mume wangu. Nikamlilia mama yangu kwa sauti, mteja wangu akiwa bado amesimama palepale.