Mzee wa Kizungu Aliyekula Biriani Kwa Mama

Filamu ya Waingereza ilikuwa ikirekodiwa hapa Maskati, nami nikaajiriwa ukalimani. Nikapangiwa mzee mmoja mwigizaji. Hakuwa nyota. Maisha yake yote aliigiza watu wa pembeni: hakimu, daktari, mjomba wa bibi harusi. Kila tulipoingia mahali watu walimkazia macho wakijaribu kukumbuka wamemwona wapi. Muuza magari mmoja wa mtaa wa Wattaya alimkumbatia, akidhani ni mteja wake wa zamani.

"Gari inakwendaje?" akamuuliza.

"Alhamdulillahi," akajibu mzee. Ndilo neno pekee alilokuwa ameshajifunza.

Ijumaa moja nikamchukua kwetu Mabela kula chakula cha mchana. Mama, mzaliwa wa Unguja, hajui Kiingereza, lakini tamthilia za Kiingereza hazimpiti. Husoma maandishi ya Kiarabu chini ya picha. Alipofungua mlango akashika kifua.

"Huyu si alitiliwa sumu kwenye chai? Mie mwenyewe nnamjua, keshakufa!"

Nilipofasiri, mzee alicheka mpaka akaegemea ukuta.

Tukakaa kwenye biriani ya nguru. Mama akaanza kumtajia kazi zake moja moja, nyengine mwenyewe kazisahau. "Uhakimu ulikupendeza sana, baba. Lakini yule daktari hukumfanya vizuri. Ulikuwa na haraka."

Niliona haya kufasiri, lakini mzee alining'ang'ania mpaka nikamwambia. Akaweka kijiko chini.

"Siku ile mke wangu alikuwa hospitali anajifungua," akasema taratibu. "Nilitaka tumalize niende. Hakuna aliyewahi kuligundua hilo, hata mwongozaji wa filamu."

"Mie niliona," akasema Mama. "Mtoto gani?"

"Wa kike."

"Mashallah! Basi nimekusamehe. Ongeza wali."

Akaongeza, tena na tena. Garini, wakati namrudisha hotelini, alikuwa anatabasamu peke yake. Mimi niliyekuwa nikimwonea huruma kwa kukosa umaarufu, niliacha siku ile.

Filamu ilipotoka, Mama aliwajaza dada zake wote sebuleni. Kila nyota alipoanza kuzungumza, Mama alipiga soga na dada zake. Mzee wetu akitokea tu kwenye picha, mlangoni na trei, Mama huwakemea, "Shsh! Nyamazeni, anasema!"

Mpaka leo Mama hajui filamu ile ilihusu nini.