Siku ya Kuzindua Tableti Shuleni Kwetu

Wacha niwaambie mwenyewe kabla hamjaisikia sokoni Migwani, maana huko imeshaongezwa chumvi mpaka wanasema ati nilizirai (sikuzirai, nilitamani tu). Mimi ndiye yule mwalimu wa gredi ya tatu aliyeaibisha shule nzima mbele ya wageni, wazazi, pasta na mwakilishi wa mheshimiwa, na mpaka leo nikipita karibu na posho mill ya kusaga unga kuna vijana wananiita Madam Washa. Mwanzoni nilikuwa nakasirika. Siku hizi hata nguvu ya kukasirika sina, napunga mkono napita. Na yote hayo, mkiniuliza yalianzia wapi, yalianza kwa sababu niliongeza mwanga.

Shule yetu iko ndani ndani ukitoka Migwani, na mwaka huo iliingizwa kwenye mradi mpya wa kusoma. Tukaletewa vishikwambi (hakuna mtu hapa anayeviita hivyo, ni tableti) zenye hadithi ndani, walimu tukaitwa semina Mwingi, tukanywa chai, tukafundishwa mahali pa kubonyeza, tukarudi. Sasa hedimasta wetu, Bwana Musyoki, anaogopa wezi kuliko kitu kingine chochote, na yeye ni mzee wa kanisa kabisa, kwa hivyo tableti zikaingia kwenye sanduku la chuma ofisini na ufunguo ukaingia mfukoni mwake. Ukizitaka unabembeleza wiki nzima, na ukizipata zina chaji nusu, kwa sababu sola ya shule ni ile ile inayochaji simu za walimu wote na redio ya mlinzi.

Mimi darasa langu limejaa mpaka wengine wanakaa sakafuni, nafundisha kila kitu kuanzia hesabu mpaka kuimba, mchana nagawa muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa, jioni nasahihisha vitabu huku nasinzia. Kwa hivyo nilifanya nini? Nilichukua ukurasa mmoja wa hadithi moja tukausoma kila tulipopewa zile tableti, kwa sababu kufungua hadithi nyingine kungekula chaji na kungenila mimi. *Kalondu anaenda kisimani. Kalondu ana ndoo. Ndoo ya Kalondu ni nyekundu.* Watoto wakaishika mpaka wakawa wanaiimba wakienda chooni.

Nilijua, sitajifanya kwamba sikujua. Mtoto anayesoma macho yake yanatembea kwenye maneno. Mtoto aliyekariri macho yake yako kwenye uso wa mwalimu. Na Mutheu, msichana mdogo mpole wa dawati la mbele, macho yake yalikuwa kwenye uso wangu tangu muhula uanze.

Mutheu analelewa na nyanya yake, ambaye kijiji kizima tunamwita Susu. Mama ya mtoto anapika hotelini Emali, huja Krismasi. Susu macho yamemharibikia, anaona vivuli tu, anatembea akigusa ua wa watu, na katika dunia hii alikuwa ameshikilia jambo moja: Mutheu asome. Yeye mwenyewe hakusoma hata siku moja, binti yake aliachia njiani, kwa hivyo huyu ndiye alikuwa wa kusoma. Kila jioni alimkalisha nje ya jikoni amsomee, na mtoto akashika daftari akamsomea Kalondu, kesho Kalondu, keshokutwa Kalondu. Jumapili moja Susu akanishika mkono nje ya kanisa akaniambia, "Mwalimu, huyo Kalondu yenu anachota maji kila siku, hana siku ya kupumzika?" Nikacheka naye. Nilipofika nyumbani sikucheka tena, lakini nilikuwa nimechoka, nikalala.

Basi tukaambiwa wageni wa mradi wanakuja kuzindua. Kama mnajua kwetu, mnajua uzinduzi hauji peke yake. Tenti ikapigwa, mbuzi akachinjwa, akina mama wa kanisa wakashona sare, na yule kijana wa spika akaja tangu jana yake kuchaji betri ya spika zake kwenye sola ile ile yetu. Nikamwambia hedimasta, "Na tableti je?" Akasema, "Madam, spika isipolia mheshimiwa atasikika na nani?" Kwa hivyo tableti zikapata chaji ya masalio.

Asubuhi nikazigawa kwa watoto wangu pale chini ya tenti, kikundi kwa kikundi, na hapo ndipo nikafanya uamuzi wangu mdogo. Jua la Kitui si mchezo, hata ndani ya tenti kioo kilikuwa hakionekani vizuri, na mimi nilitaka wageni wakiingia wakute kila kitu kinang'aa. Nikapita nikaziwasha zote. Nikapita tena nikaongeza mwanga mpaka mwisho. Halafu nikawaambia watoto, "Wageni wakipiga picha, mtu akikohoa, hata mbuzi akipita hapa, msinyamaze. Mkianza kusoma endeleeni tu mpaka mwisho." Watoto wakasema, "Ndiyo madam." Niliona nimepanga mambo kweli kweli.

Wageni wakakwama mtoni. Mto wetu hauna maji, una mchanga, na gari lao lilizama mpaka milango, ikabidi vijana na akina mama wenye sare waende kusukuma, wakarudi na mavumbi mpaka kwenye nyusi. Nikawaza kuzima tableti, lakini kila nikitaka kuinuka mtu anasema "wameshafika, wameshafika". Walipofika kweli, pasta akaitwa kufungua kwa maombi, na pasta wetu ni mtu wa Mungu lakini hana breki. Aliombea barabara, akaombea mvua, akaombea madereva, akaombea tableti zenyewe, akakemea roho ya kutojua kusoma ikatoka kijijini ikaenda mbali, na mimi nimefumba jicho moja, lile lingine liko kwenye tableti ya kikundi cha mbele, betri imekuwa nyekundu. Amina. Halafu utambulisho. Kwetu huwezi kuruka mtu kwenye utambulisho, atakukumbuka mpaka azikwe. Wazee wa kijiji wakasimama wakapunga, akina mama wakasimama wakaimba, kamati ya maji, kamati ya soko, mwakilishi wa mheshimiwa akaleta salamu za mheshimiwa, kisha akaleta salamu zake mwenyewe.

Ndipo mshereheshaji akasema, "Sasa tusikie matunda ya mradi!"

Watoto wakasimama na tableti zao. Wakaanza vizuri jamani, sauti moja, "Kalondu anaenda kisimani," na mimi nikashusha pumzi. Walipofika kwenye ndoo, tableti ya kikundi cha mbele ikazima. Nikaiona ikizima. Kioo kikawa cheusi tititi, na wale watoto, kwa sababu niliwaambia wasinyamaze, hawakunyamaza. Ikazima ya pili. Ikazima ile ya kando. Kimoja baada ya kingine vioo vikawa vinaaga, na sauti ndiyo kwanza inapanda, "Ndoo ya Kalondu ni nyekundu!" na walipofika mwisho wa ukurasa wote kwa pamoja wakapitisha kidole kwenye kioo cheusi kana kwamba wanafungua ukurasa wa pili, vile nilivyowafundisha wafanye mbele ya wageni, wakarudia Kalondu tangu mwanzo.

Mgeni mkuu alikuwa mama mmoja wa makamo, Madam Ndinda, afisa wa mradi. Alikuwa amekaa karibu kabisa na Mutheu. Akaangalia ile tableti. Akaniangalia mimi. Nyuma watu wakaanza kucheka chini chini, wakashikana mabega, mwakilishi wa mheshimiwa akajifanya anasoma simu yake, na hedimasta akakaza macho kwenye paa la tenti kana kwamba limeandikwa kitu.

Nilidhani hiyo ndiyo aibu. Kumbe aibu ilikuwa bado.

Susu akasimama. Alikuwa mstari wa mbele, wamempisha kwa ajili ya macho yake, na alipofika pale alipo Mutheu akainama mpaka pua yake ikakaribia kugusa ile tableti. Akainuka akapiga vigelegele viwili vya nguvu. "Asi! Macho yangu imeisha kabisa!" akasema kwa sauti, anacheka. "Mimi naona nyeusi tupu. Lakini huyu mtoto anaona! Huyu mtoto anasoma!"

Kicheko cha nyuma kikakatika. Susu akafungua shuka lake akatoa kuku, mtetea mweusi mnono aliyefungwa miguu, akapapasa mpaka akapata mkono wangu, akaniwekea. "Ya kukushukuru, mwalimu. Umenipatia macho nyumbani."

Nikampokea. Mtu akikupa zawadi mbele ya watu utamrudishia vipi? Nikasimama pale na kuku kwapani, nimevaa nguo yangu ya harusi za watu, na kuku naye akanichafua ile nguo kuanzia kiunoni kwenda chini, na sikusogea.

Nafikiri Madam Ndinda alitaka kuniokoa. Alitoa kitabu kidogo kwenye mkoba wake, kitabu cha karatasi kabisa, kina picha ya mbuzi, akampa Mutheu akamwambia polepole, "Achana na hiyo ya stima, nisomee hii kidogo." Mutheu akaangalia mbuzi. Akaangalia uso wangu. Halafu kwa sauti ndogo sana akasema, "Kalondu anaenda kisimani."

Hakuna aliyecheka. Susu akageuza kichwa upande ule sauti imetoka, akauliza, "Hiyo ni kitabu ingine? Amesoma ingine?"

Ningeweza kusema ndiyo. Nawaambia ukweli, ilikuwa kwenye ulimi. Angeenda nyumbani na furaha yake, na mimi ningebaki na kuku. Lakini watu wote chini ya ile tenti walikuwa wanajua isipokuwa mtu mmoja, na huyo mmoja ndiye mwenye mtoto, na mtoto mwenyewe alikuwa ananiangalia usoni akingoja nimwambie cha kusema. Hilo ndilo lililonishinda.

"Hapana, Susu," nikasema. "Ni ile ile. Hajui kusoma. Amekariri. Na ile tableti ilikuwa imezima, si macho yako."

Akapapasa akapata kichwa cha Mutheu, akauacha mkono pale. "Na wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Siku hiyo nilikuambia mambo ya Kalondu, ukacheka, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua, Susu."

Nikamnyooshea kuku. Akanisukumia tena kwa kiganja. "Apana. Kitu nimepeana mbele ya watu sirudishi, mimi si mtu kama hiyo. Kaa na yeye. Lakini usichinje hiyo kuku mpaka huyu mtoto asome. Na mayai yake pia usikule."

Akamshika Mutheu mkono wakatoka kwenye tenti, wakaenda zao kabla ya chakula. Wageni walikula mbuzi. Mimi sikula. Madam Ndinda akanikuta nyuma ya jikoni nikisugua nguo, akanisaidia kushika maji, akasema, "Madam, sisi tulikuja kutafuta watoto ambao hawasomi. Ungetuonyesha tu vile walivyo." Miezi yote ile nilikuwa najichosha kuficha kile kitu walichokuja kutafuta.

Hedimasta alininunia muhula mzima, ingawa ufunguo wa sanduku siku hizi unatoka mfukoni bila kubembelezwa. Tableti ni nzuri, sizilaumu, lakini kusoma nafundisha kwa chaki na vijiti, silabi moja moja, ma, mi, mu, na wakati wa muthokoi namweka Mutheu na wenzake wachache kando yangu, mkono mmoja nagawa chakula, mwingine naonyesha maneno. Kazi haijapungua, imeongezeka. Nimeapa kwamba sitamsimamisha tena mtoto mbele ya watu aonyeshe kitu ambacho sijamfundisha, hata mgeni awe nani, na sitacheka tena mzazi akiniuliza swali la kweli nje ya kanisa.

Kuku naye yuko kwangu. Anataga vizuri mno. Mume wangu anayaangalia yale mayai asubuhi, ananiangalia mimi, tunakunywa chai na mkate mkavu, na mayai nampelekea Susu kwenye kikopo, anayapokea bila kunikaribisha ndani.

Jumapili akinishika mkono hanisalimii kwanza. Ananiuliza tu, "Bado?" namjibu, "Bado, Susu." Jumapili iliyopita nilimwambia Mutheu amesoma neno moja, kwenye kitabu ambacho hajawahi kukiona, bila kuniangalia usoni. Susu akasimama hapo, watu wanatupita, mkono wangu ameukaza. Akauliza ni neno gani. Nikamwambia ni "nyumba".

Akalifikiria sana hilo neno.

"Basi mayai kula," akasema. "Kuku ngoja."