Sikio la Mfinyanzi na Maganda ya Bunduki

Bi Mwatum binti Mjaka wa Gando hakupata kumuuzia mtu chungu ambacho hajakisikiliza mwenyewe. Chungu kikishatoka motoni kikapoa, alikipakata, akakigonga kwa kifundo cha kidole cha kati, kisha akainamisha kichwa kama mtu anayeitwa kutoka mbali. Kikilia ngaa, alikiweka upande wa kuuza. Kikitoa sauti nzito, hata kama macho hayaoni kitu, alikivunja papo hapo na vigae akavitupa shimoni, maana chungu cha sauti nzito kina ufa ndani, na ufa hungoja mchuzi uchemke. Watu walivuka kutoka Fundo kuja kununua vyungu vyake, na hawakuvigeuzageuza. Walisema, keshavisikiliza mwenyewe.

Sikio hilohilo ndilo alilomtumikia nalo mumewe.

Mumewe, Nyange, alikuwa msasi. Babu zake walitoka bara, yeye kazaliwa Gando, na katika kundi zima la wasasi wenye mikuki na mbwa yeye peke yake ndiye aliyekuwa na bunduki, ya mtutu mmoja, na kibali chake kimekunjwa ndani ya kopo la majani ya chai. Nguruwe hatumli, alikuwa akisema, lakini yeye anatula: akiingia shamba la muhogo usiku mmoja, asubuhi mwenye shamba ana mashimo tu.

Risasi za karatasi za dukani zilifura kwa unyevu zikakataa kuingia mtutuni. Kwa hiyo Nyange alitumia maganda ya shaba, yale yanayojazwa upya. Alitia baruti, akakandamiza kwa usumba wa nazi, akatia marisau, vile vipunje vya risasi, akaziba mdomo kwa nta. Ganda likishapigwa liliokotwa, likabanwa lirudie umbo lake, likajazwa tena. Alikuwa nayo kumi na mawili, yote ya urithi wa babake, na yalikwisha kupigwa mara nyingi hata hapana aliyejua ni ngapi. Kabla ya kuyajaza alimpa mkewe ayagonge. Lililolia vizuri lilijazwa. Lililonyamaza liliwekwa kando.

Mwaka wa 1958, vuli ilipokatika, Nyange alikwenda Wete akarudi na maganda sita mapya, ya shaba nene, mazito mkononi. Bei ya ganda moja ilikuwa mitungi mitatu ya Bi Mwatum. Yeye aliijua hesabu hiyo vizuri kwa sababu ni mitungi yake iliyouzwa.

Barazani walibishana wiki nzima. Khatib, mshika mkuki wa mbele na mtani wa Nyange tangu utoto, alisema ganda ni ganda, nguruwe haulizi limenunuliwa duka gani, na mtu mwenye maganda kumi na mawili akanunua mengine kwa bei ile ni kama aliyenunua kofia ya kulalia. Nyange akajibu kwamba la rahisi unalinunua mara nyingi na la ghali unalinunua mara moja. Khatib akamuuliza kama hayo aliambiwa na mwenye duka. Watu wakacheka, na mambo yakaishia hapo bila ya mshindi.

Bi Mwatum hakuingia katika maneno hayo. Alingoja mchana mmoja uwani pakiwa kimya, akayapanga yote juu ya mkeka, ya zamani huku na mapya huku, akagonga. Ya zamani yalilia kama kengele ya baiskeli. Mapya yalitoa sauti fupi, nene, kama mtu aliyeitika bila ya kufungua mdomo. Akarudia. Yakaitika vilevile.

"Babake Hija," alisema Nyange alipoingia, "hivi vitu vyako vya ghali vina ugonjwa."

"Ugonjwa gani, nayo mapya?"

"Mie sijui. Ila vingekuwa vyungu vyangu, n'shavivunja."

Nyange alicheka, lakini hakucheka sana. Mapya yakatiwa ndani ya chungu kilichomeguka mdomo, kikawekwa juu ya uchaga.

Wiki mbili hazijapita, ganda moja la zamani likapasuka ndani ya bunduki. Nguruwe alianguka, lakini moshi wa moto ulimrudia Nyange usoni ukamwachia doa jeusi chini ya jicho la kulia. Khatib alimwita bi harusi aliyepakwa wanja jicho moja, na kundi zima likarudi Gando linacheka, Nyange mwenyewe akiwamo. Bi Mwatum hakucheka. Alipokuwa akimsafisha kwa kitambaa cha maji ya moto aliona kwamba baina ya doa na jicho pana nafasi ya punje ya mpunga.

Tangu siku ile hakutulia. Aliamini kosa ni lake, kwamba kuna ganda lililomwambia jambo na yeye hakulisikia. Alikuwa akifinyanga, mara akaacha, akanawa udongo, akayashusha maganda na kuyagonga. Chakula akila huku anageuza kichwa. Siku ya Jumamosi, Nyange alipotaka kujaza kwa usasi wa kesho yake, Bi Mwatum aliyapitia yale kumi na moja yaliyobaki kwa ukali ambao hajapata kuutumia hata kwa mitungi ya harusi, akachagua matano, yale yenye sauti kali kuliko yote.

Nyange alichukua moja nene, akalipimapima kiganjani. Akasema anatamani atie na mawili ya haya mapya.

"La," alisema Bi Mwatum.

Akalirudisha. Alikuwa mume wa kusikiliza.

Jumapili asubuhi wasasi walishuka bondeni na mbwa wao. Jua lilipokuwa limepanda kiasi, akaja Jecha, mfua shaba wa Wete, na baiskeli yake, kuchukua mtungi alioagizwa na mkewe. Nyuma ya baiskeli alikuwa amefunga madele mawili, mabirika ya shaba ya kahawa, moja limekwisha na jingine la kumwonyesha mwenyewe umbo lake. Bi Mwatum alimkaribisha upenuni, akampa kahawa, wakaulizana hali za watoto. Kisha, kwa kuwa jambo lilikuwa limemkaa kifuani, akaleta lile ganda lililopasuka. Alimwomba alitazame amwambie alikosea wapi, kwa sababu yeye anayagonga yote, na leo kampa mumewe yaliyolia vizuri kupita yote.

Jecha alikiweka kikombe chini kabla ya kunywa.

Alifungua madele yake, akagonga la kwanza kwa ukucha, likalia ngaa, refu. Akasema hili kalifua kwa nyundo tangu jana. Akagonga la pili, likatoa sauti fupi, ya kukereka. Akasema hili limetoka motoni alfajiri, bado halijapigwa.

"Sasa nipe ganda moja la zamani lililobaki. Na moja la yale ya ghali."

Bi Mwatum akampa. Jecha alitoa koleo, akabana mdomo wa la zamani kidogo tu. Likavunjika kama ganda la yai. Akabana la ghali, likabonyea. Akalibana upande wa pili, likarudi mviringo.

"Bi Mwatum," alisema, na alisema polepole kama mtu anayemwekea mgonjwa mkono, "shaba si udongo. Udongo ukilia, umepona. Shaba kila ikipigwa na kubanwa inakazika, na kila ikikazika inalia zaidi. Hii inayolia hivi imechoka. Haya manene yamenyamaza kwa sababu yangali laini. Yatapigwa sana kabla hayajaanza kuimba."

Bi Mwatum alitazama vipande vya ganda pale mkekani.

"Kachukua mangapi?" Jecha akauliza.

"Matano."

Hapo ndipo mlio wa kwanza ulipotoka bondeni.

Hakuaga. Alijifunga kanga kiunoni akatoka mbio, na Jecha nyuma yake, lakini baiskeli haikuweza kupita katika vijia vya mpunga, akaitupa na akaachwa mbali. Bi Mwatum alikimbia na sikio lake mbele. Baada ya ule mlio alisikia mbwa, kisha watu wakipiga kelele, kisha kicheko. Kicheko ni kizuri. Watu hawacheki mwenzao akiwa amepofuka. Akavuka mfereji, tope likamvua kiatu kimoja, hakukirudia. Mlio wa pili ukatoka. Akasimama bila ya kutaka, akangoja. Kimya. Kimya kirefu. Ndipo mtu akaita mbwa kwa jina, na ilikuwa sauti ya Nyange.

Akakimbia tena. Alihesabu: mawili yamekwenda, matatu yamebaki. Akajiona kama mtu aliyepika sumu kwa mikono yake, akaipakua, akasema Bismillahi, kula. Yote ameyachagua mwenyewe. Yaliyokuwa mabaya kidogo aliyaacha nyumbani.

Mlio wa tatu ulimkuta ukingoni mwa shamba la muhogo, karibu hata moshi akauona. Watu walikuwa wamekizunguka kichaka, mbwa wanalia ndani yake, na nguruwe dume, mwenye damu begani, amegeuka kuwakabili. Nyange alikuwa amepiga goti. Alikwisha kutia ganda la nne, na shavu lake, lile lenye doa, lilikuwa juu ya kitako cha bunduki.

"Babake Hija!"

Mbwa walimeza sauti yake. Nyange hakugeuka. Akaita tena, na tena hakugeuka. Kidole chake Bi Mwatum alikiona, kidole tu.

Kwa miaka kumi na saba ya ndoa hajapata kulitamka jina la mumewe mbele ya watu, wala chumbani, wala alipokuwa na uchungu wa uzazi. Mwanamke wa heshima halitamki.

"Nyange!"

Wasasi wote waligeuka. Nyange mwenyewe aligeuka kama aliyeitwa na marehemu mamake, na mtutu ukainama chini wenyewe. Nguruwe aliiona nafasi. Alitoka kichakani akapita baina ya miguu ya Khatib, akambwaga topeni, akaingia migombani na mbwa nyuma yake, na huo ukawa mwisho wa kumwona siku ile.

Watu walimtazama Bi Mwatum, matope mpaka magotini, kiatu kimoja, kichwa wazi. Alitaka kueleza habari ya udongo na shaba, lakini pumzi ilikuwa haipo.

"Litoe hilo," alisema. "Litoe tu."

Nyange alilitoa. Wala hakuuliza. Khatib alikuwa akijipangusa.

"Yakhe, leo nguruwe kapata wakili," alisema, "tena wa kike, na kesi kaishinda."

Baadhi yao walicheka. Jecha alipofika, akihema, aliomba yale matatu yaliyopigwa. Mawili yalikuwa mazima. La tatu lilikuwa na mstari kutoka mdomoni hadi katikati, mwembamba kama unywele. Akampa Khatib alishike. Khatib alilitazama, akalipitisha kwa jirani yake, na hakusema mzaha mwingine mpaka walipofika kijijini.

Lile la nne, ambalo halikupigwa, Nyange alilifungua kwa mkono wake mwenyewe nyumbani, akalimwaga lote, kisha akampa mkewe koleo la Jecha. Bi Mwatum hakutaka. Nyange akalishikilia koleo mbele yake mpaka akalipokea. Alibana. Lilivunjika kwa sauti ndogo sana.

Jecha alisema mengine ya zamani yanaweza kurudishwa ulaini kwa moto, midomo yake tu, na kwa mtu anayejua, kwa sababu kitako cha ganda kikiguswa na moto usimpe hata adui yako. Nyange akasema ahsante, akayafunga yote ndani ya kitambaa, akampa ayayeyushe afulie dele.

Yule nguruwe alirudi Jumatano akala mistari mitatu ya muhogo wa Khatib, na Khatib alilisema jambo hilo kila alipopita mlangoni kwao. Bi Mwatum aliona ana haki ya kulalamika, akampelekea chungu cha mchuzi bila ya kupokea bei.

Lakini kwa siku kadhaa hakuuza. Vyungu vilitoka motoni, akavigonga, vikalia ngaa, na kila kilicholia vizuri alikirudisha ndani, asiamini tena sikio lake. Watu wa Fundo walikuja wakarudi mikono mitupu. Mpaka siku moja akajikaza, akapanga mitungi tisa juu ya gari la ng'ombe, akenda nayo Wete, na aliporudi alifungua ncha ya kanga akaweka mbele ya mumewe maganda matatu manene. Alikuwa ameyagonga dukani, mwenye duka akimtazama. Yote yalikuwa mabubu.

Asubuhi ya usasi Nyange aliyatia mfukoni yote tisa, akasimama mlangoni.

"Mamake Hija, leo ukinitaka uniite lile jina jingine."

"Lipi?"

"Walijua wewe."

Bi Mwatum alijifunika uso kwa upindo wa kanga. Alipokwisha kupotea migombani, alikaa na tonge la udongo mkononi, hakulifinyanga, mpaka mlio wa kwanza ulipotoka bondeni. Akainamisha kichwa. Mbwa. Kimya. Mbwa tena. Ndipo, mbali sana, akamsikia Khatib anacheka, akaanza kuukanda udongo.